Kwa Nini Uzazi Hupungua: Habari za Nyumbani Kwetu Unyamwezi

Muhula uliopita, katika kipindi cha Jiografia cha Kidato cha Tatu, tulikuwa tukisoma habari za idadi ya watu duniani. Niliwaeleza wanafunzi habari za Korea Kusini, nchi ambayo katika mwaka 2023 wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka hata ukafika 0.72, yaani hata mtoto mmoja hautimii. Nikawaambia tena kwamba ili watu wa nchi wasipungue yahitajiwa wastani wa watoto wawili na kidogo, ambao wataalamu huuandika 2.1. Darasa likacheka. Kijana mmoja akasema kwamba watu wa huko hawapendi watoto. Mwingine akasema yawezekana wamelaaniwa. Ndipo msichana mmoja aketiye karibu na dirisha alipoinua mkono akasema, "Mwalimu, bibi yake baba yangu alikuwa na mtoto mmoja tu, na dada zake wawili hawakupata hata mmoja. Nao hawakuwa Wakorea. Walikuwa watu wa hapa hapa Tabora."

Kengele ililia kabla sijamjibu, nami nilifurahi kwamba ililia, maana sikuwa na jibu la kutosha. Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza wazee, nami nimefikiri sana. Haya niyaandikayo katika gazeti letu ndiyo jibu langu kwake na kwa wenzake, na kwa wazazi ambao huenda wakaulizwa maswali kama hayo nyumbani.

Kwanza yafaa nieleze neno lenyewe. Kupungua kwa uzazi si sawa na kupungua kwa watu. Nchi yaweza kuwa na watu wanaoongezeka mwaka kwa mwaka, na huku kila mwanamke akizaa watoto wachache kuliko mama yake. Hiyo ndiyo hali ya Tanzania. Katika uchunguzi wa afya uliofanyika nchini katika miaka ya 1991 na 1992, wastani ulikuwa zaidi ya watoto sita kwa kila mwanamke. Katika ule wa mwaka 2022 wastani ulikuwa 4.8. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu milioni 44.9, na ile ya mwaka 2022 ilikuta milioni 61.7. Uzazi umeshuka na watu wameongezeka! Sababu ni kwamba wasichana waliozaliwa wakati uzazi ulipokuwa mkubwa sasa ndio mama, nao ni wengi. Tena watoto wafao ni wachache kuliko zamani. Mwanafunzi akikosea hapo, mengine yote yatampotea.

Sasa sina budi kuanza na nyumba yetu wenyewe, maana si haki kuwauliza watoto wa watu habari za kwao nami nikaficha zangu. Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa katika kijiji kimoja upande wa Sikonge, kabla kidogo ya mwaka 1930. Aliolewa akiwa msichana, akazaa mtoto mmoja, ambaye ndiye mama yangu. Baada ya hapo hakuzaa tena. Mama yangu alizaa watoto tisa. Mimi na mke wangu tuna watatu. Mmoja, tisa, watatu. Mtu akizitazama tarakimu hizo peke yake atasema kwamba bibi na mimi ni watu wa namna moja, watu wa watoto wachache, na mama ndiye aliyekuwa mbali nasi. Katika hesabu hatakuwa amekosea, lakini katika kila jambo jingine atakuwa amekosea kabisa. Mimi na mke wangu tulitaka watatu. Bibi hakutaka mmoja.

Babu alikwenda Tanga kuwa manamba katika shamba la katani wakati mama yangu alipokuwa bado hajaanza kutambaa. Wasomaji vijana huenda hawalijui neno hili. Manamba walikuwa vibarua walioandikwa kazi kwa mkataba, kila mmoja akapewa namba yake, na Wanyamwezi walikuwa wengi miongoni mwao pamoja na Wasukuma, Waha na watu wa Burundi. Walipakiwa katika garimoshi hapa Tabora wakapelekwa pwani. Mwaka 1944 wenye mashamba ya katani waliunda ofisi yao ya kuandika watu, iliyojulikana kwa jina la Silabu, na wazee wengi wa huku walilijua jina hilo kama walivyojua jina la mtemi wao. Babu alikaa huko karibu miaka mitatu. Alirudi na baiskeli, mablanketi, na nguo nzuri za mkewe. Miezi michache baadaye bibi aliugua tumbo la chini kwa homa kali, akalala siku nyingi, akapona. Mimba haikushika tena.

Alitafuta dawa kwa waganga hata akachoka. Wakwe walingoja miaka mitano, kisha wakasema kwamba mwanamke huyu ni tasa, ingawa mtoto wake alikuwa akicheza uani mbele ya macho yao. Mahari ikadaiwa, naye akarudi kwa kaka yake pamoja na mama yangu. Babu alioa mwanamke mwingine. Huyo naye hakuzaa. Hakuna mtu aliyesema neno juu ya babu. Miaka mingi baadaye nilimsimulia daktari mmoja habari hizi, naye aliniambia kwamba dalili zile ni za kisonono, na kwamba katika kazi yake amesikia habari kama hizo mara nyingi: mtoto mmoja, safari ya mume, homa ya tumbo, kisha kimya.

Yafaa kila mwanafunzi ajue jinsi jambo hili linavyotokea, na wala si jambo la kuonea haya katika darasa la Biolojia. Kisonono kisipotibiwa hupanda ndani ya mwili wa mwanamke na kufika katika mirija ya uzazi. Jeraha likipona huacha kovu, na kovu huziba mirija, hata yai lisiweze kupita. Mwanamke huendelea kuwa mzima wa mwili, hulima, hupika, huchota maji, lakini hazai. Kaswende, ambayo wazee waliiita sekeneko, hufanya kazi yake kwa njia nyingine: mimba hushika, lakini huharibika, au mtoto huzaliwa akiwa amekufa. Mwanamume naye huweza kupoteza uzazi kwa kisonono, kwa kuwa mirija yake nayo huweza kuziba.

Lakini habari za bibi hazikuanza na Tanga wala na reli. Hapa ndipo tunapofika katika ile njia ya zamani ambayo wengi wetu twaipita kila siku bila kuifikiri.

Wageni wakija Tabora huonyeshwa tembe la Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, na miembe mikubwa iliyo kando ya njia ya zamani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa petu, baada ya mwendo wa maili 500 hivi. Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba. Kutoka hapa njia moja ilikwenda Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Manyema, na nyingine ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani: pembe za ndovu zikishuka pwani, vitambaa, shanga na bunduki zikipanda bara. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi. Na mpagazi aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Mnyamwezi. Kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Basi watu wengi husema hivi: wanaume walikuwa safarini, wanawake walikuwa peke yao, kwa hiyo watoto walikuwa wachache. Maneno haya yaonekana kuwa ya akili, lakini mimi siyakubali mpaka tuyapime. Zamani za kwanza, mpagazi alitoka baada ya mavuno, akarudi kabla ya mvua ili alime shamba lake. Huo ni muda wa miezi sita hivi. Na mama wa siku zile alinyonyesha mtoto kwa miaka miwili au zaidi, na wakati wa kunyonyesha mwili wenyewe huchelewa kushika mimba. Kwa hiyo mume angalikuwapo au asingalikuwapo katika miezi mingi ya wakati ule, mtoto wa pili asingalizaliwa mapema zaidi. Tena si kweli kwamba kila mpagazi alimwacha mkewe nyumbani. Wanahistoria wameonyesha kwamba wako wanawake waliosafiri pamoja na misafara, wakipika na hata wakibeba mizigo. Safari ya msimu mmoja haikuweza peke yake kuifanya nchi ikose watoto.

Mambo yalibadilika biashara ilipokua. Safari zikawa ndefu, na wengine walikaa pwani au Manyema miaka mingi, wengine hawakurudi kabisa. Vita navyo vikaingia, vita vya Mirambo na watu wa Unyanyembe vilivyoanza mwaka 1871 na vinginevyo vilivyofuata. Zaidi ya hayo, Tabora palikuwa njia panda. Watu wa pwani, Waarabu, Wamanyema, Waganda na watu wa nchi nyingi walikutana hapa, wakapumzika, wakanywa pombe, wakapata wanawake, kisha wakaondoka. Ndui ilisafiri katika njia ile ile waliyopita wapagazi, na maradhi ya zinaa yalisafiri pamoja nayo. Njia yenyewe haikuwa mbaya. Ilileta vitambaa na habari, ikaieneza lugha hii niiandikayo. Lakini njia haichagui cha kupitisha.

Wako pia wale ambao hawakuwa na hiari ya safari hata kidogo. Wengi wa watumwa waliobaki Unyanyembe walikuwa wanawake, waliotolewa Manyema na kwingineko, wakalima mashamba ya matajiri. Mwanamke wa namna hiyo hakuwa na ukoo wa kumlinda wala wa kumfurahia akizaa, na aliweza kuuzwa wakati wowote. Mtu asishangae akisikia kwamba katika nyumba kama hizo vilio vya watoto wachanga vilikuwa haba.

Wajerumani walipoitawala nchi waliliona jambo hili. Kabla ya Vita ya 1914 madaktari na maofisa wao walifanya uchunguzi juu ya uzazi na vifo vya watoto katika koloni lao, na Unyamwezi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizowatia wasiwasi. Nisingependa msomaji adhani kwamba wasiwasi huo ulikuwa wa huruma tu. Unyamwezi ndiko walikotegemea kupata vibarua, nao waliogopa chemchemi itakauka. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa zamani ukaisha, lakini watu hawakupumzika: vita vikaja, wakachukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa majeshi, na wengi walikufa njiani. Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Septemba mwaka 1916. Mwaka 1918 homa ya mafua ikapita, ikaua tena. Kisha likaja katani.

Na sisi hatukuwa peke yetu. Wataalamu wameeleza habari za ukanda mrefu wa nchi zilizokosa watoto, kutoka Kamerun na Gabon, ukapita kaskazini mwa Kongo na Afrika ya Kati, mpaka kusini mwa Sudan. Karibu nasi zaidi, huko Buhaya, madaktari wa serikali ya Kiingereza walihangaika kwa sababu hiyo hiyo. Katika makoloni mengi lawama ilitupwa kwa wanawake: walisemwa kuwa wahuni, au kwamba walitoa mimba, au kwamba walikataa kuzaa. Sifikiri kwamba waliosema hivyo walikwenda kuwauliza wanawake wenyewe.

Kilichobadili mambo ni dawa. Penisilini ilianza kupatikana kwa wingi baada ya Vita ya Pili, na katika miaka ya 1950 sindano yake ilijulikana mpaka vijijini. Mama yangu aliolewa mwaka 1967. Alizaa katika zahanati, watoto walipimwa kliniki, na tangu mwaka 1975 chanjo zilienezwa nchini kwa mpango maalumu. Mmoja tu kati yetu tisa alifariki, kwa surua, kabla ya chanjo hizo. Bibi aliishi nasi. Kila mama alipojifungua, bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika mtoto, naye hakumtoa kwa mtu mwingine mpaka mama mwenyewe alipomwomba.

Leo nchi iliyolalamikiwa kwa kukosa watoto imegeuka. Katika uchunguzi wa miaka ya 2015 na 2016, kanda ya magharibi, yaani Tabora na Kigoma, ndiyo iliyokuwa na uzazi mkubwa kupita kanda zote za Tanzania: wastani wa watoto 6.7 kwa kila mwanamke. Kanda ya kusini, yaani Lindi na Mtwara, ilikuwa na 3.8. Mkoa wetu wa Tabora ulikuwa na watu karibu milioni 2.3 mwaka 2012, na karibu milioni 3.4 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.9 kwa mwaka, na likiendelea hivyo watu huwa mara mbili kwa miaka 18 hivi. Si wote waliozaliwa hapa, maana wafugaji na wakulima kutoka kaskazini wamehamia kwa wingi. Hata hivyo, ukipita Kaliua au Urambo utaona mwenyewe. Mkulima wa tumbaku anahitaji mikono ya kukata kuni, kuchuma majani, kuyafunga na kuyachoma, na mikono ya nyumbani hailipwi mshahara. Tena wasichana wetu huolewa mapema. Uchunguzi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba hapa Tabora, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, 58 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Nasema wazi kwamba tarakimu hii hunitia huzuni kila niingiapo darasani na kuona dawati ambalo lilikuwa na mtu na sasa halina mtu.

Sasa nije kwenye kule kupungua kwa pili, ambako ndiko kulikonipata mimi na mke wangu. Huku hakuletwi na ugonjwa. Hutokea hatua kwa hatua, na kwa kawaida huanza na mauti. Mzazi aonapo kwamba watoto wake hawafi, haoni haja ya kuzaa saba ili wabaki wanne. Katika Tanzania, uchunguzi wa mwaka 1999 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika ule wa mwaka 2022 walikuwa 43. Hili ni jambo kubwa sana, nami nashangaa kwamba halisemwi mara nyingi.

Jambo la pili ni shule, hasa shule ya msichana. Katika chunguzi zetu kadhaa, wanawake waliofika sekondari huzaa karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na wale ambao hawakusoma kabisa. Si kwamba vitabu vyenyewe huzuia mimba. Msichana aliye shuleni mpaka Kidato cha Nne haolewi akiwa na miaka 15. Akiisha kutoka, huweza kusoma maandishi ya kliniki mwenyewe, kupata kazi, na kusema neno mbele ya mumewe likasikiwa. Jambo la tatu ni mji. Mwaka 2022 wastani wa mijini ulikuwa 3.6, na wa vijijini 5.5. Kijijini mtoto wa miaka minane huchunga mbuzi. Mjini mtoto wa miaka minane hula, huvaa, huhitaji chumba, na hapati cha kuchunga. Ada ya shule za serikali imeondolewa mpaka Kidato cha Nne tangu mwaka 2016, na tangu mwaka 2022 mpaka Kidato cha Sita. Lakini mzazi yeyote asomaye gazeti hili ajua kwamba sare, madaftari na nauli havikuondolewa.

La mwisho ni kliniki. Chama cha uzazi na malezi bora, UMATI, kilianza kazi mwaka 1959, kabla ya Uhuru, na serikali ilitoa sera yake ya idadi ya watu mwaka 1992. Wako wazazi ambao huniambia, hata katika kikao cha shule, kwamba mambo haya yaliletwa ili tusizae. Mimi huwajibu kwa upole kwamba wanawake wengi wa nchi hii wakiulizwa husema wangetaka watoto wachache kidogo kuliko wale waliowazaa. Kama wao wenyewe ndio wasemao, basi jambo hili halikutoka mbali. Lakini pia siwezi kumcheka mzee wa Unyamwezi anayeogopa nyumba isiyo na watoto. Wazazi wake waliziona nyumba kama hizo, naye ana sababu ya kuogopa kwake.

Na Wakorea? Nilipoanza kusoma zaidi nilitambua kwamba hata huko mambo si kama darasa lilivyodhani. Katika nchi nyingi tajiri, watu wakiulizwa wangependa watoto wangapi, hutaja idadi kubwa kuliko wale walio nao. Nyumba ni ghali, saa za kazi ni nyingi, masomo ya ziada ya mtoto hula mshahara, na mwanamke akizaa huogopa kupoteza kazi yake. Watu huoa wakiwa wamechelewa, au hawaoi kabisa. Shule za vijijini hufungwa kwa kukosa wanafunzi. Kwa hiyo yule asemaye "hawapendi watoto" hajawatendea haki. Yawezekana wengi wao wako karibu na bibi yangu kuliko nilivyo mimi: wanao wachache kuliko walivyotaka, ingawa kilichowazuia ni kingine.

Basi, mwanangu uliyeuliza swali karibu na dirisha, jibu langu ni hili. Tarakimu ndogo haituambii kitu mpaka tumeuliza swali la pili: je, mwenyewe alitaka wangapi? Bibi yake baba yako na dada zake hawakuwa na laana, wala hawakuwa wavivu wa kuzaa. Huenda waliishi karibu mno na njia kuu, katika wakati ambao dawa haikuwapo. Kama wangeishi leo, wangepimwa pamoja na waume zao. Nasema pamoja na waume zao kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hupatwa na shida ya kukosa mtoto wakati fulani wa maisha yake, na shida hiyo huweza kuwa kwa mwanamume kama ilivyo kwa mwanamke. Hata hivyo, katika mji wetu huu bado nasikia wakwe wakitumia maneno yale yale waliyoambiwa bibi, na bado anayefungasha mizigo yake ni mke.

Katika likizo ijayo, wanafunzi wa Kidato cha Tatu watapewa kazi ya kuuliza nyumbani. Kila mmoja ataleta karatasi yenye safu tatu: watoto waliozaliwa na mama yake, waliozaliwa na bibi yake, na waliozaliwa na mama wa bibi yake, na mbele ya kila tarakimu ataandika sababu kama alivyoelezwa, iwe ni safari, ugonjwa, talaka, masomo, kazi au hiari. Majina hayataandikwa. Wazazi wasishangae watoto wakija na maswali haya, na wale wasiopenda kujibu wasilazimishwe; nafasi hiyo itaachwa wazi. Wanafunzi nao wameagizwa jambo moja: jirani au shangazi asiye na mtoto hataulizwa na mtu yeyote. Akipenda kusimulia mwenyewe, asikilizwe mpaka mwisho. Karatasi zote zirudi kwangu katika juma la kwanza la muhula.